Uwanja wa Dallas Ulivyokula Malisho Yangu

Jambo lote lilinigharimu hivi: kipande cha tambarare kilicholisha ng'ombe wangu wanne, fromaji saba, yaani jibini za kwetu, mega za intaneti za wiki tatu, na heshima, ambayo hata hivyo sikuwa nayo nyingi. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata fromaji sita, kwa sababu nilisahau ile niliyompa fundi wa spika ili sauti isikatike. Laiti ingekatika.

Asiyeijua Masisi afahamu kwamba kwetu tambarare ni mali kama ng'ombe. Milima imejaa, kijani kibichi, mizuri kwa mgeni mwenye kamera, lakini ukiangusha kiazi mlangoni kwako utakiokota kwa jirani. Mimi nilirithi kwa baba kipande kando ya kijito, sawa kama meza. Unaweza kuweka kikombe cha chai pale, ukaenda kukojoa, ukarudi, ukakikuta kimesimama. Juu yake unaanza mlima wa jirani yangu, mteremko mtupu wa majani, ila kule kileleni, karibu na barabara, naye ana tambarare yake ambayo hupanda maharagwe.

Uwanja wa zamani wa mpira ulikuwa nyuma ya shule. Siku hizi umejaa mahema ya watu waliokimbia kwao, na hakuna mwenye akili atakayemtoa mtu hemani kwa ajili ya kona na penati. Kwa hiyo vijana walicheza barabarani, wakigombana na wenye pikipiki na malori ya mbao yanayotoka Walikale. Lori moja lilipokanyaga mpira, na nusura limkanyage golikipa, mama direktrisi wa shule ya msingi, ambaye pia ni mwenyekiti wa komite ya kilima chetu, alituita mimi na jirani.

"Ninyi wawili njo muko na fasi ya sawasawa," alisema. "Mumoja atatoa. Nani?"

Hapo tulianza kusifiana. Nilisema tambarare ya jirani ni nzuri mno, iko karibu na barabara, ina hewa, hata Mungu anaiona vizuri kutoka juu. Yeye alisema yangu ina nyasi tayari, ina maji ya kunawa miguu, na imebarikiwa na marehemu baba yangu. Kwa kawaida mtu husifu shamba la mwenzake hivyo akiwa anataka kuliiba. Sisi kila mmoja alikuwa analisukuma la mwenzake mbele.

Mimi ni mtu wa biashara. Nanunua fromaji milimani, nauza mjini Sake, na kule Sake kuna mama mmoja wa soko ambaye akiniona natokea hufunika bidhaa zake kwa kitenge. Sikuwa na wasiwasi. Tena katika mambo ya viwanja nilijiona mtaalamu. Nimecheza Sake, juu ya mawe meusi ya volkano, ambako ukianguka unaamka na goti la mtu mwingine. Nimecheza Burungu, kwenye mteremko ambao mechi inaamuliwa na sarafu: anayepata kushambulia kuelekea chini wakati wa kipindi cha pili ameshashinda, yaliyobaki ni kutimiza desturi. Nimefika Walikale pia, ambako uwanja umezungukwa na msitu, na mpira ukitoka nje wanaleta mwingine, maana ule wa kwanza umeshakuwa mali ya nyani.

Amerika iliingiaje? Iliingia kwa sababu mdogo wangu anaishi Dallas, na binti wa jirani yangu anaishi Phoenix. Tangu wafike huko, kila Jumapili baada ya misa sisi wawili tulisimama nje ya kanisa tukibishana ni mji upi una uwanja bora. Hakuna aliyekuwa amevuka hata ziwa. Padri alikuwa akipita anatikisa kichwa, lakini alipunguza mwendo ili asikie.

Siku ile mbele ya komite tulibishana tena, na mama direktrisi akachoka.

"Kama Amerika njo inawasumbua kichwa, basi Amerika iamue," alisema. "Baada ya wiki tatu, kila muntu alete picha ya kiwanja ya kwabo. Batu batahukumu. Yule ambaye kiwanja yake itashindwa, njo atatoa udongo, ili ajifunze kutengeneza kitu muzuri."

Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Dallas ishindwe na nini?

Nyumbani mke wangu aliuliza, "Papa, ile sharti ulisikia mara ngapi?"

"Moja inatosha."

"Weye mwenye unahesabu hata chumvi mara mbili? Na uliuliza nani atahukumu?"

"Batu wote wa kilima."

"Basi," alisema, akaendelea kuchambua maharagwe. Alilisema lile "basi" kama mtu anayefunika sufuria.

Wiki tatu nilinunua mega na mdogo wangu akatuma video. Uwanja wao una paa linalofunguka na kufungika kama dirisha la tajiri. Katikati, juu ya vichwa vya wachezaji, wametundika televisheni ambayo, kama macho yangu hayanidanganyi, ni ndefu kuliko kanisa letu. Viti havihesabiki, na unajua mimi nikisema kitu hakihesabiki, nimejaribu. Nilitayarisha pia mioyo ya mahakimu: fromaji tatu kwa kwaya, upande wa wanaume, kwa utukufu wa Mungu; mbili kwa wenye pikipiki; moja kwa sekretari wa komite; na ile ya fundi wa spika.

Jumapili ikafika. Uwanja wa parokia ulijaa, hata wale wanaosali kwingine walikuja, maana hukumu ya Amerika haina dhehebu. Nilianza mimi. Nilizungusha telefone mbele ya watu safu kwa safu, nikiongea kwenye spika. Nilipofika kwenye paa, watu walipiga makofi, kwa sababu mvua ilikuwa imetunyeshea asubuhi na kila mtu alikuwa bado anajikamua. Nilipofika kwenye televisheni, jirani alisimama.

"Kaka, uniambie. Banalipa kuingia, halafu banaangalia televizyo? Si bangebakia tu kwabo?"

Watu walicheka. Nilimjibu, "Weye unakuja misa na redio kwa sikio, ukisikiliza mpira wakati padri anahubiri. Unaniuliza mimi ju ya televizyo?"

Walicheka zaidi, na padri hakucheka. Nilihesabu vichwa vilivyokuwa vinatikisika kunikubali. Nikahesabu tena. Nilikuwa nimeshashinda, na nilianza kumwonea huruma kwa ajili ya maharagwe yake.

Zamu yake ilipofika, hakuonyesha paa, ingawa huko Phoenix nako lipo. Hakuonyesha viti. Alionyesha video moja fupi ya binti yake, iliyopigwa nje ya uwanja, juani.

"Hii munaona iko nyasi," alisema polepole. "Nyasi ya kweli. Iko ndani ya sinia kubwa sana yenye magurudumu. Kama hakuna mechi, banaitoa inje ipate jua. Siku ya mechi, banairudisha ndani."

Halafu nikasikia sauti ambayo sipendi kuisikia nikiwa sokoni, sauti ya watu wanaoelewa kwa pamoja.

"Banaichunga!" mmoja alipiga kelele.

"Kama ng'ombe! Asubuhi inje, halafu inarudi zizini!"

Mama mmoja mzee aliyekaa mbele, mwenye fimbo yake ya kuchungia magotini, alinyoosha ile fimbo kwangu. "Na weye, Papa. Ile nyasi ya Dallas, banailisha namna gani?"

Sikujua. Kwenye video zote nilikuwa nimeangalia juu, paa na televisheni. Nani anakwenda Amerika kuangalia majani? Lakini mfanyabiashara hasemi "sijui" mbele ya wateja. Asubuhi ile mdogo wangu alikuwa ametuma ujumbe wa sauti ambao sikuwa nimeusikiliza, nami nikaona huu ndio msaada kutoka mbinguni. Nikaweka telefone kwenye kipaza sauti, nikabonyeza.

"Kaka!" sauti yake ilijaa kilima kizima. "Ubaambie ya kwetu haina shida ya jua! Ile haiko nyasi ya kweli, iko plastiki! Hata tone moya ya maji habamwagie! Munaona maendeleo?"

Fundi wa spika alikuwa amestahili fromaji yake. Hakuna hata herufi iliyokatika.

"Plastiki," alisema yule mama mzee.

"Plastiki," walirudia nyuma.

"Ng'ombe ikikula, inafanya nini?"

Jirani yangu alijibu taratibu, kwa masikitiko, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. "Inakufa, Mama."

Kingekuwa kilima kingine, ningebisha. Ningesema hakuna ng'ombe anayeruhusiwa kuingia uwanja wa Dallas. Lakini pale hakukuwa na familia ambayo haijapoteza mnyama kwa mfuko wa plastiki. Mimi mwenyewe nimewahi kumpasua ng'ombe aliyekonda bila sababu, nikamkuta na mfuko umejikunja tumboni kama mtoto. Paa lote lile, televisheni ile, na katikati sumu. Ningekuwa hakimu, ningejihukumu vilevile.

Mama direktrisi aliwaambia wa Dallas wasimame kushoto, wa Phoenix kulia. Nilihesabu mara mbili. Mara ya pili wa Phoenix walikuwa wameongezeka wawili, na mmoja wao alikuwa mke wangu. Kwaya, upande wa wanaume, walisimama kulia wote, wakitazama pembeni.

"Mama wa batoto," nilimwambia njiani, "hata weye?"

"Papa, mimi nakama maziwa. Nitapiga kura ya plastiki namna gani?"

Basi malisho yalikwenda. Komite ilileta nguzo za magoli, mbao nzuri za Walikale, na vijana wakafyeka na kupiga chokaa. Ng'ombe wangu nikawapeleka kwa mjomba, mlima wa tatu, ambako wanapanda kutwa nzima kutafuta jani na kurudi wamechoka kama mahujaji. Walikuwa wakinijazia madumu: bidoni moja na nusu ya maziwa kwa siku. Sasa ni moja, na siku nyingine hiyo moja haijai. Nusu bidoni ndiyo ilikuwa faida yangu. Ile moja ni ya chumvi, karo na mambo mengine yasiyo na shukrani.

Hata hapo ningenyamaza. Nilishindwa kihalali. Lakini Jumapili ya mechi ya kwanza watu walikaa wapi? Walikaa kwenye mteremko wa jirani, unaotazama chini kwenye malisho yangu kama tribini ya watazamaji iliyojengwa na Mungu mwenyewe. Jumapili ya pili nilikuta amechonga ngazi kwa jembe, safu kwa safu, ametandika ubao kwenye zile za mbele, mke wake anauza mahindi ya kuchemsha na kasiksi, pombe ya ndizi, na yeye amesimama chini na kikapu. Franka mia mbili ubaoni. Mia moja majanini.

"Kaka," nilimwambia, "unalipisha batu?"

"Mbao haikuanguka toka mbinguni."

"Na hapa banakuja kuangalia nini? Si malisho yangu?"

"Mulima iko yangu," alisema. "Mimi sikuwaambia baangalie chini. Kama banataka kuangalia mawingu, bei iko ile ile."

Nilimpigia mdogo wangu nimweleze. Alicheka hadi mega zikaisha. Kabla hazijaisha alisema kwamba hata huko kwao faida haiko kwenye nyasi, iko kwenye viti, na kila mtu anajua hivyo. Kila mtu! Binti wa Phoenix naye bila shaka alijua, na akamwambia baba yake, wakati mimi nanunua mega kuangalia paa.

Siku ile nililipa mia na hamsini, baada ya mabishano ya nusu kipindi, nikakaa ubaoni. Na lazima niseme ukweli, ingawa unaniuma: vijana walicheza vizuri ajabu. Mpira ulikaa pale ulipowekwa. Walipasiana chini, bila kuogopa kwamba pasi itaishia kijitoni. Kwa mara ya kwanza kilima chetu kiliwafunga wale wa kilima cha ng'ambo, na nilijikuta nimesimama juu ya ubao wa jirani, napiga kelele kwa koo lote, kofia imeshaanguka safu tatu chini.

Jumatatu nilikwenda kwa mama direktrisi kudai nusu ya kikapu. Alisema hukumu ilihusu udongo, haikuhusu macho. Jirani, aliposikia nimeshtaki, alinitumia habari kwamba atanipa kiti cha bure, safu ya mbele, maisha yangu yote, na mahindi mawili kila mechi. Nami nimeulizia bei ya machipukizi ya migomba. Nikiipanda kwa mstari chini ya mteremko wake, kwenye mpaka, upande wangu, ndani ya mwaka na nusu itakuwa imesimama kama ukuta, na wateja wake watalipa kuangalia majani ya migomba. Mke wangu anasema nikifanya hivyo vijana watanila mimi kabla ya ndizi.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ambaye huna jamaa Dallas wala Phoenix na kichwa chako kimetulia, nakuomba shauri. Nichukue kiti na mahindi mawili, au nipande migomba? Au iko njia ya tatu ya kurudisha nusu bidoni yangu ambayo mimi, kwa hasira, siioni? Usiniambie nisamehe. Hilo padri ameshaniambia, naye hukaa ubaoni bure. Nijibu upesi, maana jirani anataka jibu kabla ya mechi ijayo, na ng'ombe wangu mmoja ana mimba kule mlima wa tatu.