Mamangu Alivyokisifia Chumba cha Picha

Katikati ya miaka ya themanini kazi yangu ilikuwa kushika watoto. Palikuwa na chumba cha eksirei cha mtu binafsi pale Malindi mjini, na mtoto akiletwa na mkono uliovunjika, mama yake analia kumshinda, mimi ndiye niliyeingia naye nikamkamata asitikisike mpaka picha ipigwe. Nilikuwa hodari. Sijisifu, lakini hakuna mtoto aliyewahi kuniponyoka.

Mwenye chumba alikuwa mzee wa bara, mstaafu wa hospitali ya serikali, mpole mpaka anakera. Watu walimwita daktari. Kila siku aliwaambia yeye si daktari, nao wakazidi kumpenda kwa kutojikweza.

Na picha zile watu wetu walizipenda, jamani! Walitoka Mambrui wamejipaka mafuta, wamevaa kanga mpya. Bibi mmoja alirudi siku ya pili na bahasha yake, akadai apigwe tena, eti alifumba macho. Na alikuwa amepigwa goti! Wengine wakitoka tu husema maumivu yamepungua. Picha waliziweka chini ya godoro, na mgeni akija huonyeshwa mbavu za mwenye nyumba kabla hajaletewa chai.

Basi ikaja habari kwamba sheria mpya inamtaka kila mwenye mashine ya eksirei awe na leseni, na kabla ya kumpa, maafisa kutoka Nairobi watakuja kuwasikiliza wananchi. Chifu akatangaza baraza. Mzee wangu akakosa raha. Akinyimwa leseni, chumba kinafungwa, na wagonjwa wetu watalazimika kwenda Mombasa. Na mimi je? Nilikuwa na mimba ya miezi sita, na mume wangu, mpishi wa hoteli, alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kuwa wageni wamepungua. Kazi yangu ndiyo iliyokuwa ikiinjika chungu.

"Binti," mzee akaniambia, "tafuta watu wachache waseme neno jema."

Kosa langu, nikamwambia mamangu. Mamangu ukimpa kazi ya kusema umempa sikukuu. Aliuzunguka mtaa wetu wa Muyeye nyumba kwa nyumba, na siku ya baraza ukumbi ukafurika. Waliokosa viti walisimama madirishani.

Maafisa walikuwa wawili, mwanamume wa kuandika na mwanamke wa kuuliza. Wa kwanza kuinuka alikuwa mchukuzi wa sokoni. "Mtu huyu hana uchoyo!" akasema. "Kwingine wanakupiga picha moja wanakufukuza. Yeye mgongo wangu ameupiga mara nne kwa siku moja, mpaka ikatoka nzuri!"

Makofi. Afisa akaandika.

Akafuata mama mmoja. "Mimi niliogopa kuingia peke yangu. Akaturuhusu sote, mimi na dada zangu watatu na mama mkwe, mlango wazi, upepo unaingia. Ana utu huyu!"

Makofi tena. Afisa akafunua ukurasa mwingine, na mzee wangu akainamisha kichwa. Mimi nilijua walau kidogo kwamba mionzi si mchezo, nikaanza kuwapungia mkono wanyamaze. Wakadhani nawahimiza! Akainuka wa tatu, akainuka wa nne, kila mmoja anamzika kwa sifa.

Halafu akasimama mamangu. Nikasema kimoyomoyo, Ya Rabi, mzibe mdomo. Wapi!

"Waheshimiwa," akasema, akikaza buibui lake, "nyote mnasifu mashine. Mashine ni chuma tu. Anayeshika watoto ni mwanangu mimi! Kutwa yumo mle ndani, anawakumbatia mpaka picha itoke, hakosi hata siku moja, na mimba yake hiyo ya miezi sita!"

Ukumbi ukapiga vigelegele. Afisa mwanamke hakutabasamu. "Yuko wapi huyo binti? Asimame."

Nikasimama, tumbo likatangulia.

"Ukiwashika watoto, unavaa nini?"

Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimekasirika, sijui nimemkasirikia mama, au umati ule, au nafsi yangu. Nikajibu, "Kanga."

Watu wakacheka mpaka viti vikalia. Tulikuwa na aproni moja tu ya risasi, ile nzito ya kuzuia mionzi, na huivaa mzee. Aliyesimama karibu na mashine ni mimi. Miaka miwili hatukuwahi kulifikiria hilo, si yeye wala si mimi.

Mzee akasimama. Hakujitetea. "Ni kweli," akasema, "aproni huivaa mimi." Akamgeukia afisa mwanamke. "Msinipe leseni. Kesho nakifunga chumba mwenyewe, mpaka kiwe salama kwa watu hawa."

Mamangu alinuna wiki mbili. "Mimi nilisema mema matupu!" alilalama kwa kila mpita njia.

Kazi ikaenda, lakini sikuililia. Mume wangu aliitwa tena hotelini, tukala. Kilichoninyima usingizi ni mtoto. Kila aliporusha teke nilimwomba msamaha.

Akazaliwa msichana, na sauti ya mwuza samaki. Mamangu alimfungua nguo, akamgeuza, akamhesabu vidole vya mikono na vya miguu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akafanya jambo bila kusema. Alipofika ishirini ndipo alipolia.

Siku ya saba mzee wangu akaja. Alikuwa ameshajenga ukuta wa kuzuia mionzi na kupata aproni ya pili, na leseni ilikuwa njiani, lakini hakuzungumzia hayo. Alisimama kizingitini, kofia mkononi. Akauliza habari za mume wangu, za jirani, za mvua. Ya mtoto hakuuliza, wala hakutupa jicho upande wa kitanda.

Mamangu akamtazama weee. Kisha akampakata mtoto, akamfunua miguu.

"Ingia, bwana," akamwambia. "Njoo umhesabu mwenyewe."