Oili ya Giaboksi Haiingii Kwenye Injini Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya bustani ya chuo kimoja Kibaha, sikupewa spana. Msimamizi wa Karakana alichomoa kijiti cha kupimia oili kwenye trekta dogo la kukatia majani, akanipa.

"Binti, nusa. Halafu sugua kwa vidole."

Ilinuka petroli.

"Basi hiyo si oili tena. Imwage."

Matrekta yale ya zamani hayana rejeta, yanapozwa na upepo, na joto letu la Pwani mnalijua. Yanataka oili namba thelathini. Hizi nyepesi za kisasa ni nzuri kwa injini mpya. Kwenye injini iliyolika hupenya kwenye ringi za pistoni na kuungua, moshi wa bluu ukatoka. Ndipo wajanja huchanganya oili ya giaboksi. Moshi hupungua, trekta likauzwa. Lakini ndani ya injini kuna kijiko kinachorusha oili juu ilainishe vyuma, na oili nzito kama uji hairuki. Haupiti muda injini inakwama, na aliyenunua analia peke yake.

Nilipohamishiwa tawi la chuo la Kisarawe, Afisa Usafirishaji alitaka nifanye mchezo huo kabla ya mnada wa trekta moja kuukuu.

"Mama, weka ya giaboksi, wateja wasione moshi."

"Siweki, mzee."

"Hii ni amri."

"Basi weka kwa mkono wako."

Hakuweka. Mimi nilirudishwa Kibaha kufyeka kwa panga, na radhi sikuomba. Trekta lilikosa mteja, nikalinunua mwenyewe.

Sasa nimestaafu. Mwaka huu nikaamua kuliuza nipate hela za kutibia magoti pale hospitali ya Tumbi. Shemeji yangu akaniletea mteja kutoka Soga, kisha akanivuta pembeni.

"Shem, tia giaboksi kidogo tu. Hayo magoti yatapona kwa maneno?"

Hasira zilinipanda. Nimemkatalia bosi, nije nimkubalie shemeji?

Nililiwasha mbele ya mteja. Moshi ukatoka, nikamweleza sababu yake yote. Alinishukuru, akaenda zake bila kununua. Shemeji alinuna, hata chai hakunywa.

Kesho yake asubuhi nilipima oili, nikapanda, nikakata majani ya uwanja wangu mzima. Magoti yaliuma kweli kweli. Trekta halikuzima.