Siku Niliyomkana Mdogo Wangu

Gauni la mtumba likitoka kwenye robota lina harufu yake: dawa, vumbi, na kabati la watu usiowajua. Ukilipitishia pasi ya mkaa, harufu ile inapanda na kukukaa kooni. Ndiyo harufu ya Septemba yangu ya miaka tisa, Kimara, zama ambazo mitumba ilikuwa imeingia kwa wingi hata sie wa mkono mtupu tukaanza kupendeza. Tulikuwa tumehamia mwaka uleule kutoka Temeke, hatujulikani sana. Mama alininunulia gauni jeupe la sikukuu ya Mikaeli na Watoto, Jumapili ambayo kwetu Walutheri watoto ndio wanaoongoza ibada, kila mmoja na fungu lake la kusema kwa moyo mbele ya usharika. Mwaka ule tuliigiza uumbaji. Rafiki yangu Jack wa mtaa wa juu alikuwa bahari. Mie nilipewa siku ya sita, siku ya mtu. Nilitakiwa kutangaza kwamba kila mtu, awe nani, ameumbwa kwa sura ya Mungu. Nililikariri fungu hilo nikiosha vyombo, nikichambua mchele, hadi baba akaniambia niwahurumie majirani.

Mwalimu Eliza, aliyetufundisha shule ya Jumapili, alipita na daftari akihesabu watoto wa kila nyumba ili asimwache hata mmoja. "Vaileti, kwenu mko wangapi?" Nikajibu bila kupepesa macho: "Niko peke yangu, mwalimu." Uongo mtupu. Kwenye chumba cha nyuma alikuwepo Naomi, mdogo wangu wa miaka sita, aliyezaliwa na shingo isiyokaza na mikono inayokwenda itakako. Maneno alikuwa nayo matatu tu: mama, maji, na Va, yaani mimi. Mgeni akipiga hodi, kazi yangu ilikuwa kumkokota Naomi chumbani na kuvuta pazia. Sikufundishwa kwa kiboko. Nilimwona tu baba anavyokohoa na kugeuza mazungumzo mtu akiuliza habari za watoto, nikaelewa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sie hatukuficha maradhi, tulificha mtu.

Sijui mama aliamua lini. Siku ya sikukuu alimwogesha Naomi, akampaka mafuta, akambeba mgongoni kwa kitenge kipya, akaenda kuketi benchi la mbele kabisa, hatua tatu kutoka tuliposimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumtoa mbele za watu. Naomi aliponiona alifurahi mwili mzima. "Va! Va! Va!" Mate yanamtiririka, miguu inampiga mama kiunoni. Watoto wakaanza kucheka. Jack akanigusa na kiwiko: "We, lione lile zezeta! Si linakuita wewe?" Nikasema, wala si kwa kunong'ona, "Wala! Silijui." Kisha zamu yangu ikafika. Nikapiga hatua mbele, nikalisema fungu langu lote bila kukwama, sauti kama kengele, na akina mama wakanipigia vigelegele. Mama yangu hakupiga. Alikaza kitenge, akainuka, akapita katikati ya mabenchi. Mama mmoja alimvuta mwanawe asiguswe, huku akisema kwa upole, "Pole, mama, Mungu ana makusudi yake." Makusudi gani ya kumpisha mtoto kama ndoo ya maji machafu? Hadi leo nikilikumbuka neno lile damu inanichemka. Lakini yeye angalau alisema pole. Mie je?

Nyumbani nilisubiri kipigo. Mama aliniuliza tu, "Umelisema lote?" Nikasema ndiyo, mama. "Haya. Vua gauni, ule." Hakumpeleka tena Naomi kanisani hadi yeye mama anaingia kaburini. Mlango alioutafutia ujasiri miaka sita, niliufunga kwa neno moja.

Sasa nina watoto wawili, na Naomi anaishi nami. Siku hizi kanisani wamejenga njia ya viti vya magurudumu na wanajisifu nayo. Wanangu wanagombania kumlisha mama yao mdogo, ndivyo wanavyomwita. Mwezi uliopita shemeji yangu alinishauri nimfungie Naomi ndani ili wageni wasishtuke. Nilimtoa yeye nje, chai yake ikabaki mezani inafuka. Nawafokea watu kwa urahisi sana. Nikimaliza kufoka naisikia ile sauti ya kengele, na najua wa kufokewa ni nani.

Wiki iliyopita, nikimwosha nywele uani, nilimweleza yote, tangu daftari la mwalimu hadi lile neno. "Naomi, mie nilikukana mbele za watu. Nisamehe, mdogo wangu." Akanitazama kwa jicho moja, uso kaukunja, midomo inahangaika. Nikashusha pumzi, nikangoja. Akasema neno alilojifunza ukubwani: "Sabuni!"

Povu lilikuwa limemwingia jichoni. Nikachota maji haraka.