Songoro wa Damaris

Damaris Kadzo alikuwa ameosha sufuria za hoteli moja ya West Bay, Doha, kwa miaka sita, wima, na kufikia mwaka 2015 miguu yake ilikuwa imechoka kuliko yeye mwenyewe. Jioni akivua viatu chumbani kwetu Al Rayyan, vifundo havikuonekana kwa uvimbe. Alichotaka hakikuwa kikubwa: ahamishiwe kitengo cha samaki, ambako mtu hufanya kazi amekaa kwenye kiti. Aliomba mara tatu, mara tatu akaambiwa asubiri. Mimi ndiye niliyekasirika kila mara, maana yeye hasira zilishamwishia.

Mkuu wa kitengo hicho alikuwa Tom, Mkenya mwenzetu wa Kisii. Kijana mzuri tu, ila bahari aliijulia Doha. Asubuhi moja likaletwa kreti la samaki weusi, warefu, wenye vichwa bapa, na Tom akaruka kama amekanyaga moto. Ukutani tulibandikiwa picha ya papa shilingi, yule papa anayekua hadi kufikia urefu wa basi, na chini yake onyo kwamba papa wa aina yoyote haingii jikoni humu.

"Hawa ni watoto wa huyu! Rudisheni zote!"

Wageni mia mbili walikuwa wanangoja chakula cha mchana na samaki mwingine hakuwepo. Damaris akafunga bomba, akaja huku aproni inachuruzika maji.

"Tom, mwanangu, huyo si papa. Ni songoro."

"Mathe, rudi kwa sinki. Kwani hii kichwa ni ya nani?"

"Ya songoro. Kwetu Kilifi papa shilingi hatumgusi. Akipita, wavuvi hutupa mshipi kando yake, maana songoro hupenda kumfuata. Watembea pamoja, lakini si ndugu."

Akakamata kidole cha Tom, akakipitisha nyuma ya kichwa cha samaki. Papa ana mipasuko mitano ya kupumulia kila upande; hapa palikuwa na kifuniko kimoja, kama cha nguru. Papa shilingi ana madoa meupe mgongo mzima; huyu hakuwa na hata moja, ila alikuwa na safu ya miiba mifupi, nayo ikamchoma Tom sawasawa. Kisha Damaris akachukua kisu, akampasua samaki, akagonga uti wa mgongo. Ulikuwa mfupa mgumu, na papa hana mfupa, ana gegedu tu.

"Woi! Si leo ningefutwa," Tom akasema, akinyonya kidole.

Samaki wakapikwa, sahani zikarudi tupu. Mpishi mkuu akaja kumpongeza Tom mbele yetu, na Tom, sitamnyima haki yake, akamtaja Damaris. Mpishi mkuu akafurahi, akaamua palepale: kuanzia kesho Damaris afike nusu saa mapema, akague samaki, kisha aende kwenye sufuria zake kama kawaida. Damaris akashukuru.

Nilichemka mpaka ndani ya basi la wafanyakazi.

"Yaani wamekuongezea kazi, na wewe unasema asante? Kwa nini hukukataa?"

Alikuwa ameegemea dirisha, macho ameyafumba.

"Winfred," akasema, "hiyo nusu saa nitakuwa nimekaa."