Tonge la Mwanaheri kwenye Mizani

Wifi yangu Mwanaheri hakuwahi kula peke yake mpaka ile mizani ya jikoni ilipoingia nyumbani kwetu Kilakala. Sisi wengine tunazunguka sinia moja, yeye anakaa pembeni na kisahani chake, uso ameuelekeza ukutani asituone tunavyomega.

Mizani aliileta Faraja, bintiye, anayesoma chuo pale Mazimbu. Nia yake ilikuwa njema, sina ugomvi na hilo. Magoti ya mama yake yalishindwa na uzito, na daktari alisema asipopungua asahau kupanda mlima. Na huko juu Uluguru, ng'ambo ya msitu, ndiko aliko mama yake Mwanaheri, kikongwe asiyeona tena, na kuhamia mjini hataki kusikia. Bodaboda inaishia mtoni. Kutoka hapo ni miguu. Salum, kaka yake Mwanaheri, alisema vijana watambeba kwa machela. Mwanaheri alikataa. Kwao wanaobebwa kwa machela ni mahututi na maiti, na mama yake akisikia vishindo vya wabebaji mlangoni atadhani analetewa msiba.

Basi akawa anapimiwa. Faraja anamega ugali, anauweka kwenye mizani, anatazama simu, anapunguza. Simu ndiyo inayojua tonge lina kalori ngapi. Linalobaki ukilifumba kiganjani halionekani. Nilimtania, "Wifi, hicho ni chakula au kidonge?" Siku za mwanzo alicheka. Baadaye akawa hacheki, na akiinuka anashika ukuta. Magauni yakampwaya. Nilimwonea huruma, na hasira nilikuwa nazo pia, maana nyumba nzima tulikuwa tunakula kwa aibu.

Jumapili iliyopita Faraja alisonga ugali mwenyewe. Akasoma pakiti ya sembe, akatazama simu, akauacha mwiko ndani ya sufuria.

"Mama, nimekukosea. Hesabu niliyokuwa natumia ni ya unga mkavu, na mimi napima ugali. Ugali una maji mengi. Ulikuwa unakula kama theluthi tu ya unachostahili."

Nilifurahi kupita kiasi. Nikavuta sinia, nikampisha wifi kwenye mkeka. Mwanaheri akaja, akanawa mikono, akauinamia ule ugali wa moto mpaka mvuke ukamgusa uso. Kisha mkono wake ukasita.

"Nikila ninachostahili, nitaendelea kupungua hivi hivi?"

"Utapungua, mama. Ila polepole."

"Mjomba wako anasema bibi yako siku hizi kila anayeingia anamwita Mwanaheri." Akafuta mkono kwenye kanga. "Nipimie kama jana, mwanangu."

Faraja alilia, lakini alipima. Mwanaheri akachukua kisahani chake, akarudi kule ukutani. Sinia lilibaki katikati ya mkeka, na mimi sikuweza kulinyooshea mkono.