Baiskeli saba stoo, na Mzee Javan bado anatafuta jiwe

Mzee Javan Lusweti hashuki kwenye baiskeli mahali popote apendapo. Anashuka penye jiwe.

Ni Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Majengo. Anakuja polepole kando ya mtaro, baiskeli yake nyeusi imebeba sanduku la bati lililojaa mikate, na macho yake hayatazami kioski anachokwenda bali jiwe lililo mbele ya kioski hicho. Anafika, anafunga breki, anatua mguu wa kushoto juu ya jiwe. Kisha anashika suruali penye goti la kulia, anaunyanyua mguu kwa mkono na kuuvusha juu ya bomba la juu la fremu, kama mtu anayemhamishia mwenzake mzigo.

Bi Jawahir, mwenye kioski, amekwisha kuitoa mwenyewe sandukuni mikate yake kumi na minne. Anajua mzee anahitaji dakika nzima ya kusimama kabla kiuno hakijakubali kutembea.

"Nikiwa juu sina shida," anasema Mzee Javan akijinyoosha. "Miguu inakanyaga vizuri kabisa. Kutoka Baba Dogo mpaka hapa hakuna kijana wa kunipita. Shida ni kupanda na kushuka tu."

Ana umri wa miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na miwili amesambaza mikate ya kiwanda kimoja cha Baba Dogo, na njia yake ina vioski tisa, kuanzia Huruma anakoishi hadi hapa Majengo. Kila kioski kina jiwe lake. Mengine aliyakuta. Mengine aliyabeba mwenyewe ndani ya sanduku tupu, jiwe moja kwa kila safari, miaka mitatu iliyopita nyonga zilipoanza kukaza.

Msomaji atauliza kwa nini harushi mguu kwa nyuma kama waendesha baiskeli wengine. Nyuma kuna sanduku, na sanduku linafika kifuani. Njia iliyobaki ni ya mbele, juu ya bomba. Daktari alimwambia viungo vya nyonga vimechakaa na hakuna dawa ya kuvirudishia ujana. Mzee Javan hakumlilia mtu. Alitafuta mawe.

Sasa kiwanda hakiyataki mawe hayo.

Januari mwaka huu wa 1984, tangazo lilibandikwa langoni. Kila msambazaji aliyepita miaka hamsini atapanda na kushuka mara tatu mbele ya meneja, sanduku likiwa limejaa, bila kushika ukuta wala mtu, na bila kukanyaga kitu chochote wala kugusa bomba. Atakayeshindwa atapumzishwa.

Neno zuri hilo, kupumzishwa. Unaweza kudhani mtu ataletewa kiti na kikombe cha chai. Nabiswa, aliyefanya kazi hapo miaka kumi na tisa, alipumzishwa Februari kwa sababu kisigino chake kiligusa bomba mara ya tatu. Akapewa mshahara wa mwezi mmoja na nauli ya basi hadi Bungoma. Hakuna aliyejali kuuliza kama aliwahi kuchelewesha mkate hata siku moja. Hakuwahi.

Zamu ya Mzee Javan ni Ijumaa, saa mbili asubuhi.

Mshahara wake ni shilingi 870 kwa mwezi. Chumba cha Huruma kinakula 180, na mkewe, Nerima, huuza mboga mbele ya nyumba ili jioni isipite bila chakula. Binti yao Asenath yuko kidato cha tatu. "Mimi nikitoka kiwandani, Asenath anatoka shuleni," anasema mzee. "Hakuna kitu kingine katikati."

Mwandishi wa habari hizi alikwenda Baba Dogo kukiona kiwanda kinachowapima watu kwa namna hiyo. Mtunza stoo, Bwana Ndung'u, alichukua funguo bila kuulizwa jambo lolote, akafungua mlango wa nyuma.

Ndani zimo baiskeli saba. Ni baiskeli za kike, zile ambazo fremu zake zimeshuka chini katikati, mtu akaingiza mguu kama anavyoingia mlangoni. Zote zina sehemu ya kufungia sanduku. Zililetwa mwaka 1978, kiwanda kilipopanga kuajiri akina mama wa kuuza mikate nyumba kwa nyumba. Akina mama hawakuajiriwa, baiskeli zikabaki. Juu ya mlango kuna kibao: ZA AKINA MAMA TU.

"Kila mwezi mimi hupaka cheni zake mafuta," alisema Ndung'u. "Hazijawahi kubeba mkate hata mmoja."

Basi dawa ya Mzee Javan ipo, imelipiwa, imepakwa mafuta, na imefungiwa hatua arobaini kutoka mahali anapokwenda kufukuzwa. Ukisikia jambo kama hili unatafuta mahali pa kukaa.

Meneja wa usambazaji, kijana nadhifu anayekuja kazini kwa gari na ambaye hakutaka jina lake litajwe, alisema kampuni ina heshima yake. Watu wakimwona mwanamume mzima juu ya baiskeli ya mama, sanduku la kampuni likiwa nyuma, watacheka. Kisha akatabasamu. "Lakini kwanza muulize Mzee Javan nani alikitaka kile kibao."

Mwandishi alimuuliza. Mzee Javan alivua kofia yake, akaigeuzageuza mikononi.

Ni yeye. Mwaka ule wa 1978, ilipojulikana kwamba akina mama hawaji, meneja wa wakati huo alisema basi wanaume wazitumie. Wasambazaji wakakusanyika uani, wakagoma kuzigusa, wakamchagua Javan awasemee kwa kuwa ana sauti. Akasema hakuna baba wa watoto atakayeonekana kati ya Huruma na Majengo juu ya baiskeli ya mama. Akataka iandikwe, ili asitokee mtu wa kulazimishwa. Ikaandikwa.

"Walinipigia makofi," anasema. "Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, naruka baiskeli kama mbuzi. Sikujua ninajifungia mlango mwenyewe."

Haya, kosa analo, na amelikiri bila kulainisha. Lakini tangu lini kiwanda hiki kikawa kinashika maneno ya wafanyakazi kwa uaminifu namna hii? Mwaka 1980 waliomba makoti ya mvua. Mpaka leo wanajifunika magunia ya unga. Waliomba chai ya asubuhi, wakaambiwa wataangaliwa. Katika yote waliyowahi kuomba, kiwanda kimetimiza moja tu, lile linalowaumiza, na hilo kimelilinda kwa kufuli miaka sita. Mzee Javan alipokwenda ofisini mwezi Machi kuomba kibao kiondolewe, alijibiwa kuwa kanuni ni kanuni.

Heshima ya kampuni, kumbe, inakaa kwenye bomba la juu la baiskeli. Mtu aliyeamka kabla ya jogoo kwa miaka ishirini na miwili ili wengine wapate mkate na chai, yeye hamo katika heshima hiyo. Inatia hasira, na mwandishi haoni sababu ya kuificha.

Ni Jumanne hiyohiyo, pale kwenye jiwe la Majengo, mzee alipomweleza Bi Jawahir kwa mara ya kwanza kinachomngoja Ijumaa. Mama huyo aliingia nyumbani kwake, nyuma ya kioski, akatoka akisukuma baiskeli ya kike yenye vumbi, tairi zote mbili hazina upepo. Ilikuwa ya marehemu dada yake Qamar, aliyekuwa mkunga.

"Miaka mitatu ninakutazama ukihangaika na jiwe," alimwambia, "na kumbe hii iko ndani. Ningejua ni kazi unapoteza ningeitoa zamani."

Mzee akarudi nyuma hatua moja. "Mama, nitachekwa."

"Dada yangu amezalisha mitaa hii yote kwa baiskeli hii," Bi Jawahir akasema. "Hakuna mtoto aliyekataa kuzaliwa."

Mzee Javan aliichukua. Jumatano fundi mmoja wa Gikomba alichomelea keria pana ya kubeba sanduku na kubadilisha tairi. Jana jioni, Alhamisi, aliijaribu nyuma ya nyumba Huruma, sanduku likiwa limejazwa viazi vya Nerima. Vijana waliokaa ukutani wakamwona, na haikuchukua muda wakawa wamempa jina: Mama Mkate. Wakacheka mpaka wengine wakashuka ukutani.

Yeye akaendelea kupanda na kushuka, uso ukimwiva kwa aibu. Nerima alisimama mlangoni akihesabu kwa vidole.

"Baba Asenath," akamwambia alipomaliza, "umepanda mara kumi na hujashika suruali hata mara moja."

Mzee akatazama goti lake, kana kwamba ni la mtu mwingine, akakaa chini kwenye ngazi, kofia ikiwa imefunika macho.

Hana kibali cha meneja. Huenda akaambiwa baiskeli hiyo si ya kampuni, mtihani ukaishia langoni. Amejiandaa. Akiambiwa hivyo, ataomba Ndung'u afungue stoo, aletewe moja kati ya zile saba. Na kabla ya kupanda ataomba asimame palepale uani aliposimama mwaka 1978, aseme tena. Nyuma yake katika orodha wapo wazee wengine wanne, na kati yao wapo waliompigia makofi siku ile.

"Nilisema kwa sauti mbele ya watu hamsini," anasema. "Siwezi kwenda kufuta maneno hayo kwa kunong'ona ofisini. Nitasema nilikosea, na kibao kishushwe, hata kama mimi nitafukuzwa."

Leo ni Ijumaa. Msomaji anapofungua gazeti hili, Mzee Javan yuko katika ua wa kiwanda, mikate imepakiwa, wasambazaji wamesimama kumzunguka, na hakuna jiwe karibu.

"Watacheka, najua," alisema jana usiku akiifuta ile baiskeli vumbi la mwisho. "Wacheke. Watakapoanza kucheka, mimi nitakuwa nimeshapanda."