Boksi Lilivyofika Mbuji

"Nyumba yangu ikivuja, nikateni mkono huu wenye mwiko!"

Fundi Ignatio alitamka hayo mbele ya kanisa la Mbuji, misa imetoka sasa hivi. Hata Mungu alikuwa hajaenda mbali.

Alianza na nyumba za udongo na nyasi, kazi ya baba yake. Akahamia tofali za kuchoma na bati, paa la mgongo wa tembo, linalomwaga maji pande mbili. Halafu nikamwonyesha daftari langu la usanifu majengo, kitu pekee nilichotoka nacho chuoni. Humo walikuwamo Wajerumani wa miaka mia iliyopita, waliochoshwa na mapambo wakaivua nyumba nguo hadi likabaki boksi. Boksi likavuka bahari: Brazili likawa zege tupu, Marekani likavaa vioo, Dubai likarefuka mpaka mawinguni.

"Zege hata sisi tunalo," Ignatio akasema. Basi, boksi likapanda basi la Songea, likashuka Kitai, kituo cha karibu na kwetu.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Raimundi, mkulima wa kahawa. Paa bapa alilipendea jambo moja: angeanika kahawa huko juu, mbali na kuku. Ignatio akalizungushia ukingo, akaacha matundu manne ya kutolea maji.

Mwezi wa saba kahawa ikaanikwa. Desemba mvua zikaanza. Siku ya tatu paa lilivuja, kisha kipande cha zege kikamwangukia mke wa Raimundi, Mama Emerensiana, kikamvunja bega na taya.

Jumapili, mbele ya kanisa lile lile, Raimundi akamfuata fundi na panga, wanawe wawili nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Weka mkono."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Wale vijana wakamkaba Ignatio, wakamwangusha, wakabana kiganja chake kwenye ngazi ya kanisa.

"Mzee, tukalione paa kwanza! Kama kosa ni langu, kata mpaka begani!"

"Paa liko kwenye taya la mke wangu."

Panga likashuka. Ignatio alijivuta, vikaenda vidole viwili. Kimoja kiliruka hadi miguuni kwa katekista, aliyekuwa bado ameshika kikapu cha sadaka.

Ndipo akatokea Katarina, binti wa Raimundi, anahema, matambara manne yanachuruzika maji mikononi.

"Baba! Nimepanda juu. Matundu tuliyaziba wenyewe kwa matambara haya, kahawa isidondoke. Hatukuyazibua!"

Sisi Wamatengo tunachimba ngolo, mashimo ya mlimani ya kuzuia maji yasikimbie na shamba. Kuzuia maji tunafundishwa tangu utotoni. Kuyaruhusu yaende, hakuna aliyetufundisha. Raimundi alikuwa amejiwekea ngolo juu ya kichwa cha mkewe.

Sasa yuko rumande. Ignatio anashika mwiko kwa kushoto, na hajengi kingine ila mgongo wa tembo.

Wavu wa waya, unaopitisha maji na kuzuia kahawa, upo dukani kwa Muharami pale Kitai. Mita moja ni shilingi elfu tatu.